Nyumba Yenye Magurudumu: Tafakuri Kuhusu Makazi Yasiyotulia Dodoma

Si mbali na Soko la Majengo, hapa Dodoma, katika uwanja mdogo wa fundi wa kuchomelea vyuma, limeegeshwa basi la shule aina ya Toyota Coaster. Rangi yake ya njano imepauka. Jina la shule limekwanguliwa kwa msasa, lakini jua la jioni likilipiga ubavuni herufi bado zinasomeka. Viti karibu vyote vimeng'olewa. Sakafu iliyokuwa imeliwa na kutu imekatwa, likawekwa bati jipya, na juu yake zikapigiliwa mbao. Kule nyuma, walikozoea kukaa watoto watundu, kumejengwa kitanda chenye droo chini yake. Karibu na mlango pana meza ya jiko la gesi, na juu ya paa imefungwa paneli moja ya umeme wa jua. Kati ya bati la paa na dari fundi ameshindilia sponji, maana bati la Dodoma mwezi wa kumi na moja halifai kuwa jirani wa kichwa cha mtu.

Mwenye basi ni mzee aliyeliendesha kwa miaka tisa. Shule iliposhindwa kumlipa malimbikizo ya mishahara yake, alikubali kuchukua basi bovu badala ya fedha. Chumba alichopanga kimepandishwa kodi mara tatu katika miaka michache. Shemeji yake ana kiwanja upande wa Nala, kisichopimwa, naye amemruhusu kukaa hapo. Nilipomkuta akisimamia kazi nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza kile ambacho kila mpita njia humwuliza: kwa nini asijenge chumba kimoja na choo, akapumzika?

"Daktari," akanijibu, "nyumba ya matofali ikichorwa X nyekundu, unakaa kusubiri katapila. Hili likichorwa X, napiga ufunguo naondoka."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kwa wiki kadhaa. Vijana wanaopita pale hulipiga picha basi, wakicheka kwamba mzee ameiga mambo ya Wazungu. Mimi naona kinyume chake. Kwa mtazamo wangu, mzee yule hakuiga kitu. Amelidhihirisha jambo lililofichika katika historia yetu ya makazi kwa zaidi ya karne moja: kwamba nyumba ya mtu wa kawaida, hata ilipokuwa ya udongo na miti, mbele ya watawala daima ilihesabiwa kuwa kitu cha kuhamishika. Magurudumu hayakuonekana, lakini yalikuwapo.

Tuanze na hao wanaodaiwa kuigwa. Rangi ya njano ya mabasi ya shule ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 1939, katika mkutano ulioitishwa na Profesa Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1964 mwandishi Ken Kesey na rafiki zake walilinunua basi kuukuu la shule, lililoundwa mwaka huohuo wa 1939, wakalipaka rangi za kila namna na kuvuka nalo bara kutoka California hadi New York. Tangu hapo basi la shule lililogeuzwa nyumba likawa alama ya uhuru wa barabara. Lakini hata huko alama hiyo ina upande wa pili. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, Wamarekani wengi wenye umri mkubwa walipoteza nyumba zao na kuhamia katika magari, wakizunguka kutafuta vibarua vya msimu. Mwandishi Jessica Bruder aliwaandikia kitabu, *Nomadland*, kilichotoka mwaka 2017. Kwa hiyo gari lilelile humchukua aliyechagua kuzurura na yule aliyefukuzwa na kodi. Ukiwaona kwa mbali, huwezi kuwatofautisha.

Tofauti hiyo kati ya anayehama kwa hiari na anayehamishwa ndiyo ufunguo wa historia ya nyanda hizi za kati.

Kuhama si jambo geni Ugogo. Mtafiti Peter Rigby, katika kitabu chake kuhusu ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo kilichochapishwa mwaka 1969, alionyesha kwamba kaya za Wagogo zilikuwa zikihama mara kwa mara. Mvua hapa ni chache na hazitabiriki; inaweza kunyesha kwa jirani nawe ukaambulia vumbi. Mfugaji mwenye busara hakujifunga na kipande kimoja cha ardhi. Alijenga tembe, nyumba fupi ya miti na udongo yenye paa tambarare lililofunikwa kwa udongo, vyumba vyake vikizunguka zizi. Tembe lilistahimili upepo wa kiangazi, na lilijengwa kwa vitu vilivyopatikana hapohapo. Kaya ilipohama, kilichohama ni watu, mifugo na uhusiano wao na ndugu na wakwe waliowapokea kule walikokwenda. Nyumba iliachwa irudi kuwa udongo.

Naomba msomaji alizingatie hilo. Katika utaratibu ule, kaya haikuwa kuta. Kaya ilikuwa watu. Aliyehama hakupoteza makazi kwa kuwa kule alikokwenda alikuwa na haki ya kupokelewa. Hata wakati wa njaa kuu ya Mtunya, iliyoikumba nchi hii mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, waliotawanyika kutafuta chakula walifuata njia za undugu. Wengi walikufa, na waliopona waliponea hapo.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli likaja wazo la mtawala kulala ndani ya chombo kinachotembea. Maofisa na wakaguzi walikuwa na mabehewa yenye vitanda, wakiyaegesha pembeni ya stesheni walikokuwa na kazi. Mfano maarufu zaidi watokea kwa majirani zetu wa Kenya. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa la ukaguzi akivizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu. Simba akaingia behewani, akamuua na kutoka naye dirishani. Behewa lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Wageni hulitazama kwa ajili ya simba. Mwanahistoria aweza kuona jambo jingine pia: nyumba yenye magurudumu ilianza katika nchi hizi kama kifaa cha mwenye mamlaka, mtu anayesimama atakapo na kuondoka atakapo.

Reli ilizaa miji, na miji ikagawanywa kwa rangi za watu. Hapa Dodoma majina ya Uzunguni na Uhindini yangali yakitamkwa. Mwafrika alitengewa upande wake, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki upande huo uliitwa Majengo. Kuna Majengo Dodoma, Majengo Moshi, Majengo Mombasa. Pumwani ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwahamishia Waafrika kutoka vitongoji ambavyo serikali ya kikoloni ilitaka kuvifuta. Jina hili latuambia kwamba watu walijenga. Halituambii walijenga juu ya ardhi ya nani.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika sehemu nyingi za miji ile, Mwafrika aliruhusiwa kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Mombasa hali hiyo ina jina lake hadi leo: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, juu ya ardhi ya mwingine, akilipa kodi ya kiwanja. Nyumba yaweza kuuzwa na kurithiwa, lakini udongo ulio chini yake una mwenyewe. Kwa kawaida mwenye ardhi hakutaka nyumba ya kudumu juu yake; miti na udongo vilitosha, maana siku ya kuondoka vingebomolewa upesi. Ng'ambo ya Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1920, kodi hiyo ya ardhi ilizua mgomo mkubwa wa wapangaji ambao hawakuona kwa nini walipie udongo waliouzoea kama wao.

Tazama, basi, nyumba hizo zilivyokuwa. Kwa macho zilikuwa zimesimama. Kwa mkataba zilikuwa mzigo ulioegeshwa. Mwenye nyumba bila ardhi na mwenye Coaster pale Majengo wanalo jambo moja la pamoja: kila mmoja anamiliki kila kitu isipokuwa mahali kilipo.

Historia ya vyombo vilivyogeuzwa matumizi nayo ina ukurasa wake mkubwa katika mkoa wetu, na ukurasa huo unaitwa Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilikubali mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Wataalamu waliishi kwanza katika mahema. Matrekta mapya yalikuwa adimu, hivyo yakaletwa makuukuu yaliyotumika vitani, na kiwanda kimoja cha Uingereza kikatengeneza matrekta kutokana na vifaru vya Sherman, yakapewa jina la Shervick. Chombo cha kuua kiligeuzwa chombo cha kulima, na wazo hilo kwenye karatasi lilipendeza. Lakini udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikufuata ratiba ya London, na vyuma vile vikavunjika kimoja baada ya kingine. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Wanafunzi wangu huicheka hadithi ya Kongwa, nami huwaambia wasiishie kwenye kicheko. Walioleta vifaru walihama bila kupoteza chochote cha kwao. Hasara iliandikwa kwenye vitabu vya hazina, wakapanda meli. Majengo waliyoyaacha yaligeuzwa tena na tena. Sehemu yake ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika: FRELIMO kwanza, kisha ANC, SWAPO na wengineo. Watu waliofukuzwa makwao walipata paa katika mabaki ya mradi ulioshindwa. Katika historia yote ya kugeuza vitu vikuukuu kuwa makazi, sijui mfano mwingine hapa kwetu wenye heshima kuliko huo. Wenyeji wa Kongwa waliwapokea wageni wale kama kaya za zamani zilivyopokeana.

Baada ya Uhuru zamu ya kuhama ilirudi kwa Wagogo wenyewe, safari hii kwa amri. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971, miaka miwili kabla ya amri ya kitaifa ya watu wote kuishi vijijini. Mwalimu Nyerere alishiriki mwenyewe kufyatua matofali pale Chamwino. Nia yake sina sababu ya kuitilia shaka: ukame na njaa viliutesa mkoa huu, na ni vigumu kupeleka maji, zahanati na shule kwa kaya zilizotapakaa porini. Shule nyingi tunazojivunia leo ni matunda ya kipindi hicho, na baadhi ya watakaosoma makala haya walifundishwa kusoma humo.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu, kuku na milango yao, zikashushwa mahali palipopimwa kwa kamba. Tembe lililozunguka zizi halikuingia katika mstari ulionyooka wa kijiji kipya. Ng'ombe wengi wakiwekwa pamoja humaliza malisho kwa haraka, jambo ambalo mfugaji alilijua na mpimaji hakuuliza. Lori lile la Operesheni lilikuwa, kwa siku moja, nyumba yenye magurudumu. Wenye nyumba walikuwa ndani yake. Aliyeshika usukani alikuwa mwingine.

Kisha, tarehe 1 Oktoba 1973, TANU ikaamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Ilikusudiwa kazi hiyo ichukue miaka kumi. Ilichukua zaidi ya arobaini. Kwa muda wote huo mji wetu uliishi kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani: haruhusiwi kupanga fanicha apendavyo, na mgeni hafiki. CDA ilitoa hati za miaka 33, ilhali miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida kwingineko nchini. Waliojenga nje ya ramani walikaa na hofu ya kubomolewa, na bomoabomoa ikawa neno la kila siku. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli. Tarehe 15 Mei 2017 akaivunja CDA, na mwezi Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Wizara zimekuja, barabara zimekuja, na wapangaji wenye mishahara wamekuja. Chumba cha mzee wa basi kimepanda kodi kwa sababu zilezile tunazozipongeza katika hotuba.

Sasa turudi kwenye uwanja wa fundi. Je, mzee amepata suluhisho? Nilijaribu kulijibu swali hili kwa kuisoma sheria, nikaona ujanja wake una gharama ambayo huenda hajaipiga hesabu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwamba mwenye haki katika ardhi akiondolewa kwa manufaa ya umma astahili fidia kamili na ya haki. Mthamini akija, huhesabu ardhi, jengo, miti na mazao. Kibanda cha udongo kina mahali katika fomu yake. Basi halina. Basi lina kadi ya gari. Siku barabara mpya itakapopita Nala, shemeji aweza kupewa chake, na mzee ataambiwa awashe gari aende. Kile kinachomwokoa na katapila ndicho kinachomwondoa kwenye orodha ya wanaostahili kulipwa.

Nilimweleza hayo. Alinyamaza kidogo, akachukua kitambaa akafuta kioo kisichokuwa na vumbi. Kisha akasema kwamba anamjua jirani yake wa zamani aliyekuwa na nyumba ya matofali na aliyesubiri fidia hadi akazikwa. "Wewe unanihesabia nitakachokosa," akasema. "Mimi nahesabu nilichonacho."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya kuwa nalo hapa. Lakini nakataa namna mbili za kulitazama basi lile. Ya kwanza ni ya wale wanaolicheka. Ya pili, iliyo mbaya zaidi kwa kuwa imevaa sura ya sifa, ni ya wale wanaolisifu kama ubunifu na kuwataka maskini wengine waige, ili suala la viwanja vya bei nafuu lisahaulike. Ubunifu wa mzee ni wa kweli. Nimeuona kwa macho yangu, na mikono ya fundi yule inastahili heshima. Ila mtu hapaswi kuwa mbunifu ili apate mahali pa kulala katika mji alioutumikia kwa kuwapeleka watoto shule.

Kinachotakiwa si kigeni wala si cha gharama ya kutisha. Jiji lipime maeneo ya pembezoni kabla watu hawajajenga, si baada yake. Sheria ileile ya Ardhi inatoa nafasi ya leseni ya makazi, ya kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, kwa wanaoishi mijini katika maeneo yasiyopimwa. Itumike kwa wingi, na iwahusu pia wenye makazi yasiyofanana na yale tuliyozoea kuyaita nyumba. Na mtu anapohamishwa, kihesabiwe kile ambacho kaya za zamani zilikijua: kwamba kinachohama ni watu, na watu huhitaji mahali pa kupokelewa.

Wazee husimulia kwamba jina la mji huu latokana na neno la Kigogo, Idodomya, lenye maana ya "amezama", kwa ajili ya tembo aliyekwama katika tope la chemchemi. Mji wenye jina la kukwama umekuwa kwa zaidi ya karne moja mji wa kuhamisha watu. Wiki iliyopita nilipita tena Majengo. Matairi mapya yalikuwa yamefungwa, na mzee alikuwa akimwonyesha mjukuu wake mahali atakapolala, kwenye kiti kimoja cha wanafunzi alichokataa kisingʼolewe. Nilimwuliza atahama lini kwenda Nala.

"Jumamosi," akasema, "Mungu akipenda. Nasubiri betri tu."